Goma, Bukavu: Mkebe wa sindano unaosaidia wazazi kabla masomo hayajafunguliwa

Mwezi wa nane unapoelekea mwisho, wazazi wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Beni wanarudi kwa hesabu ileile: daftari, kalamu, viatu, na inifome. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi kwenye shule za serikali yanatolewa bure katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, sawa na inavyotaka Katiba ya mwaka 2006. Lakini shati nyeupe na suruali au sketi ya bluu vimebaki mabegani mwa mzazi.

Kwa jamaa yenye watoto wanne au watano, kununua inifome mpya kwa kila mtoto ni mzigo mzito, zaidi sana kwa wale ambao vita vimewaondoa makwao na kuwaacha bila kazi. Na mtoto anayefika darasani na suruali iliyopasuka anachekwa na wenzake, pengine anarudishwa nyumbani. Msichana ambaye sketi yake imefumuka anaweza kukataa mwenyewe kwenda masomo. Siku moja inapotea, kisha wiki, juu ya mshono wa urefu wa kidole tu.

Mafundi wenye mashini za kukanyaga wako karibu kila mtaa, na kwa kazi kubwa wao ndio wa kuendea. Ila majuma ya mwisho kabla ya Septemba wanazidiwa na kazi, na matengenezo madogo yanawekwa chini ya rundo. Kifungo kilichotoka, mfuko uliochanika, upindo ulioshuka: hayo yote yanaweza kutengenezwa nyumbani kwa mkono, ikiwa vifaa ni vizuri.

Hapo ndipo shida inapoanza. Vifurushi vidogo vya plastiki vinavyouzwa tayari sokoni, vyenye sindano tano, nyuzi za rangi kumi na mkasi mdogo, vinavutia macho na bei yake ni ndogo. Lakini mara nyingi uzi wake ni mwembamba na unakatika upesi, sindano zinapinda, na mkasi unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Mama anayenunua kipande kimoja kimoja, juma hili sindano, juma lijalo uzi, anapata kitu cha kudumu miaka.

Sindano ndiyo ya kwanza. Sindano za mkono zina namba, na namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi. Shati nyepesi inataka sindano nyembamba. Suruali nzito au jinzi inataka nene. Kwa sweta inafaa sindano yenye ncha butu, ambayo inapita katikati ya nyuzi bila kuzikata. Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuviringisha sindano juu ya meza: ikirukaruka, imepinda. Tundu lake pia linapaswa kuwa laini, kwa sababu tundu lenye ukali linakata uzi wakati wa kushona, na watu wanalaumu uzi bure.

Uzi unajaribiwa kwa mikono. Kipande cha nusu mita kinavutwa kwa nguvu kidogo. Kikikatika papo hapo, uzi umezeeka kwenye rafu au ni dhaifu tangu mwanzo. Uzi wa poliesta una nguvu kuliko wa pamba na unafaa kwa inifome zinazofuliwa kila siku mbili. Lakini kwa kikwembe cha zamani au nguo ya chaguwa iliyokwisha kuwa nyembamba, uzi wenye nguvu kupita kiasi unaweza kupasua kitambaa chenyewe. Hapo uzi wa pamba ni bora, kwani ni afadhali mshono ukatike kuliko nguo.

Rangi nne zinatosha kuanza: nyeupe, nyeusi, bluu ya masomo na kahawia. Pale rangi kamili inapokosa, mafundi huchagua iliyo nzito kidogo kuliko kitambaa, maana uzi mmoja ukishashonwa unaonekana mwepesi kuliko ulivyokuwa kwenye kibobini.

Mkasi unapaswa kuwa wa nguo tu. Ukikata karatasi na plastiki, makali yanakwisha upesi, na katika nyumba yenye watoto, kuuficha ni sehemu ya kuutunza. Wembe unasaidia kufumua mshono wa zamani, lakini unahitaji mkono wa mtu mzima na mwanga wa kutosha. Kastabini, kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kidoleni, inaonekana kama anasa mpaka siku ya kushona kiuno cha suruali ya jinzi.

Vitu vingine havihitaji pesa. Kipande chembamba cha sabuni kilichobaki bafuni kinachora alama juu ya kitambaa cha bluu, na alama hiyo inatoka kwa kufua. Nta kidogo ya nyuki, ikisuguliwa juu ya uzi, inauzuia kujifunga mafundo. Vifungo vinakatwa kwenye shati zilizokwisha na kutungwa pamoja kwa uzi, kila aina peke yake. Na inifome ya kaka mkubwa iliyochakaa, badala ya kuwa kitambaa cha kupangusia, inatoa viraka vya rangi ileile ya kuwekea wadogo. Kiraka cha nguo iliyofuliwa mara nyingi kina faida nyingine: hakirudi tena, wakati kile cha kitambaa kipya kinaweza kujikunja baada ya kufuliwa na kuvuta nguo yote.

Vyote hivyo vinaingia katika mkebe wa biskuti wenye kifuniko. Sindano zinachomekwa kwenye kipande cha sufi, na zinahesabiwa kila kazi inapomalizika, kwa sababu iliyopotea mara nyingi inapatikana kwa mguu wa mtoto au ndani ya godoro. Wakati wa mvua, unyevu unaleta kutu, na sindano yenye kutu inaacha doa juu ya shati nyeupe. Hiyo inatupwa, tena ikiwa imefungwa ndani ya karatasi nzito.

Mkebe ukikamilika, kazi yenyewe inafuata taratibu chache. Tundu dogo linashonwa kabla ya kufua, maana maji na kusugua vinalipanua. Uzi unakatwa kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole; mrefu zaidi unajifunga na kuchosha. Katikati ya miguu ya suruali na kwapani, ambako nguo inavutwa sana, mshono wa kwenda mbele tu hautoshi. Sindano inarudi nyuma hatua moja kila mara kabla ya kwenda mbele tena, na mshono huo unakaribia nguvu ya mashini.

Kifungo nacho kina siri yake. Njiti ya kiberiti inawekwa juu ya kifungo wakati wa kushona, kisha inatolewa, na uzi unazungushwa mara chache chini yake kabla ya kufunga. Kifungo kinapata nafasi ya kupumua na haking'oki mtoto anapovua shati kwa haraka. Kiraka cha goti kinawekwa kwa ndani, pembe zake zikiwa za mviringo ili zisinyanyuke. Na mzazi anayeshonesha inifome mpya anaweza kumwomba fundi aache upindo wa sentimita tano hivi: mtoto akirefuka, upindo unashushwa, na nguo inaongeza mwaka.

Kazi hii inaweza kufundishwa kwa wasichana na wavulana pia, mwanzo kwa kifungo, kisha kwa upindo. Mtoto wa miaka kumi anayejua kurudisha kifungo chake hangoji mpaka mama arudi sokoni jioni.

Kwa sasa, majuma yaliyobaki yanatosha kwa jambo la kwanza: kutoa inifome za mwaka uliopita ndani ya mfuko, kuzigeuza nje ndani, na kuzikagua penye mwanga wa mchana. Kwapani, katikati ya miguu, pembe za mifuko na vifungo ndipo nguo inapoanza kuachia. Mshono ulioonekana mwezi wa nane unatengenezwa kwa dakika kumi. Ule utakaoonekana asubuhi ya siku ya kwanza ya masomo, mtoto akiwa amekwisha kuvaa, utamchelewesha.