Fahamu: Kuzamia karibu na papa muuguzi bila kuumwa

Katika hifadhi ya bahari ya Hol Chan nchini Belize, iliyoanzishwa mwaka 1987, wazamiaji huogelea karibu kabisa na papa wauguzi. Zamani wavuvi walisafishia samaki wao hapo, papa wakafuata matumbo yaliyotupwa, na hadi leo hukusanyika wakisikia injini ya boti.

Papa huyu hufikia mita 3 hivi. Mchana hulala juu ya mchanga au chini ya miamba, kwani anaweza kupitisha maji kwenye matamvua akiwa ametulia tuli. Hapo ndipo watu hujisahau. Wengi wanaoumwa ni wale waliomvuta mkia, waliomkanyaga au waliokuwa wakimlisha. Kinywa chake ni kidogo, lakini hufyonza windo kwa nguvu, na akishauma haachii upesi.

Kwa hiyo mpe nafasi, usizibe mlango wa pango alimolala, na mikono ikae karibu na mwili. Ukiambiwa umlishe, kataa, hata kama anayekuhimiza ni mwongozaji wako. Akikung'ata, usijinasue kwa kuvuta, utachanika zaidi. Tulia, pumua polepole, mpaka aachie.