Mpira Ukipoa, Breki Hazitoshi

Februari 11, 1986, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza ndani ya glasi ya maji ya barafu, mbele ya tume iliyokuwa ikichunguza mlipuko wa chombo cha anga cha Challenger uliowaua watu 7. Alipokitoa na kukifungua, mpira haukurudi upesi kwenye umbo lake. Wa namna hiyo ndio uliokuwa umeziba viungo vya roketi, na asubuhi ya safari ilikuwa ya baridi kali. Kisa hicho wengi wanakijua. Lakini Novemba ikiingia Minneapolis au Munich, bado wapo wanaosubiri theluji ianguke ndipo wakumbuke kwamba gari lao limesimama juu ya mpira.

Tairi hushika lami kwa sababu mpira wake hunyumbulika. Lami, hata ile inayong'aa kwa upya, imejaa vijiwe na vishimo vidogo. Mpira laini hujibonyeza humo, ukaachia, ukajibonyeza tena, na humo ndimo msuguano unamotoka. Mpira wa tairi la kiangazi umepikwa kwa ajili ya lami ya moto, usilegee jua linapowaka. Joto likishuka unakakamaa, na tairi linaanza kupita juu ya vijiwe bila kuvishika. Tairi la majira ya baridi hupikwa kwa mchanganyiko mwingine, unaobaki laini hata chini ya sifuri.

Ulaya hutajwa sana nyuzi 7 za Selsiasi kuwa ndizo mpaka wa tairi la kiangazi. Ni namba nzuri ya kukumbusha watu kwenda gereji, ila fizikia haina mstari hapo. Kwenye lami kavu ya nyuzi 5, tairi zuri la kiangazi laweza kusimamisha gari vizuri hata kulishinda la baridi. Shida ni kwamba anayeondoka nyumbani kwenye lami kavu hajui atakuta nini darajani, ambako upepo hupita juu na chini na barafu huganda mapema kuliko kwingine, au kwenye kivuli cha msitu ambako jua halijafika tangu jana. Barafu iliyo karibu na sifuri, tena, huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi ya baridi ya wastani inaweza kuwa na hatari kuliko usiku wa baridi ya kukata mifupa.

Tuhesabu kidogo. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likiwa kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki zishike. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, matairi ya baridi yatataka kama mita 30 na zaidi kidogo. Ya kiangazi yanaweza kutaka maradufu ya hapo. Kwenye barafu tupu umbali waweza kukaribia mita 100. Sijaweka ile sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo peke yake hula mita 14.

Tofauti hiyo ya kwenye theluji haitokani na mpira tu. Kashata za tairi la baridi zimechanjwa mikato myembamba mingi. Theluji hujibana ndani yake, na theluji hushikana vizuri na theluji. Mifereji ya tairi la kiangazi imechongwa kutoa maji ya mvua. Ikishaziba kwa theluji, tairi jipya la bei mbaya linageuka kipara.

Linalonikera ni imani katika gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Gari hilo litaondoka kwenye theluji wakati jirani anahangaika na sepeto, na dereva wake atajiona bingwa mpaka taa nyekundu ya kwanza. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, liwe la bei gani. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge nao hugawa msuguano uliopo, hautengenezi mwingine. Wanaobana matumizi kwa kubadilisha matairi mawili ya mbele peke yake hujitafutia balaa jingine: mbele hushika, nyuma huteleza, na gari huzunguka kwenye kona.

Upepo wa ndani ya tairi nao hupungua kwa baridi, takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Tairi lililojazwa 32 siku ya nyuzi 25 litasoma kama 27 asubuhi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, bila kutoboka popote.

Quebec, sheria hutaka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani haitaji tarehe, hutazama hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 herufi M+S (matope na theluji) pekee hazikubaliki tena: lazima ubavuni pawe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji. M+S mtengenezaji hujiandikia mwenyewe.

Huku Dar es Salaam na Mombasa alama hiyo inafaa kutafutwa kwa sababu iliyo kinyume. Baadhi ya magari ya mtumba kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya baridi. Muuzaji huyasifu: mpira laini, kashata nene. Ni kweli yote mawili. Kwenye lami ya saa saba mchana mpira huo hulegea kupita kiasi, kashata hupindapinda gari likikata kona, breki huchelewa, na unene ule uliosifiwa huliwa upesi kuliko wa tairi la kawaida. Ukiuona ule mlima ubavuni, omba tairi lingine.