Mabaki: Rafiki wa Bustani, Adui wa Ini

Katika bustani za Kenya humea mmea wenye majani mapana yenye vinyweleo, uitwao mabaki au komfri. Wapo wanaoupanda kwa ajili ya mifugo, na wapo wanaoupika kama mboga wakiamini kuwa unautia mwili nguvu.

Kuustawisha ni rahisi. Mabaki huishi miaka mingi, na mizizi yake mirefu huusaidia kustahimili ukame. Aina ya Bocking 14, iliyoteuliwa na Lawrence Hills nchini Uingereza katika miaka ya 1950, haizai mbegu za kuotesha. Huenezwa kwa vipande vya mizizi. Kila kipande chenye urefu wa sentimita 5 hadi 10 hufukiwa kina cha sentimita 5, kikiachana na kingine kwa sentimita 60 hadi 90. Mahali pateuliwe kwa makini, kwani kipande kinachosalia udongoni huchipua tena. Majani yakilowekwa majini kwa wiki kadhaa hutoa mbolea yenye potasiamu, inayofaa nyanya.

Mbolea hiyo ndiyo faida ya mmea huu. Chakula si faida yake. Mabaki yana sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Mizizi inazo nyingi kuliko majani, na majani machanga, ambayo mpishi huyapenda, yanazo nyingi kuliko yaliyokomaa. Kuchemsha si kinga. Sumu hizi huweza kuziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Ini huvimba na tumbo hujaa maji. Mwaka 2001, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziondoe sokoni virutubisho vya kumeza vyenye komfri.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji au macho ya njano amwulize pia kuhusu mboga, chai na dawa za mitishamba, na muda aliozitumia. Aulize bila kukaripia, maana anayekaripiwa huficha.

Naye aliyezoea kula mabaki aache, na amweleze mhudumu wake. Mjamzito na anayenyonyesha wasiyatumie kabisa, wala yasibandikwe kwenye kidonda kibichi. Shina lenyewe halina haja ya kung'olewa: libaki bustanini, likiilisha nyanya badala ya familia.