Mnyoo afichua siri za ubongo na uzee

KILA mama aliyelea mtoto Kibera au Kawangware anayajua mambo haya. Mtoto anakula lakini mwili hauonekani. Tumbo limemtangulia kama ngoma, na usiku anasaga meno mpaka walio kitanda kimoja naye wanaamka. Jirani anasema ni minyoo. Tembe inanunuliwa dukani, na baada ya siku moja au mbili mtoto anatoka msalani akipiga mayowe, kwa kuwa ametoa kiumbe cheupe chenye wekundu kidogo, kinene kama penseli na kirefu kama rula ya shule.

Huyo ndiye chango. Mama hamtazami mara mbili. Anatupwa, mikono inanawiwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hata hivyo, msomaji, chango huyo anayetupwa kwa kinyaa ana jamaa yake mdogo anayeishi maisha ya heshima. Hulishwa, huhesabiwa, hupigwa picha na hulindwa katika maabara za Ulaya, Marekani na Asia. Utafiti uliofanywa juu yake umewapatia wanasayansi Tuzo ya Nobel mara nne, mwaka wa 2002, 2006, 2008 na 2024. Kwa msaada wake binadamu wamejifunza jinsi neva zinavyoota, jinsi zinavyounganika na jinsi mwili unavyozeeka.

Jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans. Hapa tutamwita mnyoo wa mbolea, kwa sababu huko ndiko anakopenda kukaa, kwenye matunda yaliyooza na majani yanayovunda, akila bakteria. Urefu wake ni milimita moja tu. Hamwingii mtu tumboni wala hamdhuru yeyote. Ukipita karibu na rundo la maganda ya ndizi nyuma ya soko la Kawangware, huenda umempita bila kujua.

Wala si maneno ya kubahatisha kusema yupo kwetu. Mnamo 2008 jarida la elimu ya urithi liitwalo Heredity lilichapisha taarifa ya Elie Dolgin na wenzake wawili kuhusu minyoo hao waliopatikana Kenya na Afrika Kusini. Walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufugwa maabara. Baadhi yao walitoka hapa Nairobi na wengine Limuru. Watafiti hao walichezea maneno ambayo watalii huimbiwa hotelini, wakaiita taarifa yao “Hakuna Nematoda”, nematoda likiwa jina la kitaalamu la ukoo wote wa minyoo mviringo. Mzaha wenyewe ulikwenda kombo kidogo, maana minyoo walikuwapo. Mmoja wa Nairobi alipewa nambari ED3077, na kizazi chake kimehifadhiwa katika barafu ng'ambo, ambako huyeyushwa na kufufuka kila kinapohitajika. Naam, mnyoo huyu hugandishwa na kuamka tena akiwa mzima.

MWANA WA FUNDI VIATU

Aliyempandisha cheo mnyoo huyu ni Mwafrika Kusini, Sydney Brenner, aliyezaliwa Januari 13, 1927 katika mji wa Germiston. Baba yake alikuwa fundi viatu, mhamiaji kutoka Lithuania asiyejua kusoma wala kuandika. Familia nzima iliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la kushonea viatu, na mtoto alijifunza kusoma kwa kutazama magazeti yaliyotandikwa mezani badala ya kitambaa. Wasomaji wetu wa Gatwekera na Gatina hawahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Alipofika umri wa miaka 15 tayari alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Brenner alihamia Uingereza. Mwaka wa 1963, akiwa Cambridge, aliona kwamba ubongo wa binadamu ni msitu usioingilika. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, nani atazifuata moja moja? Akatafuta kiumbe chenye neva chache kiasi cha kuhesabika, kinachokua upesi na chenye ngozi inayoonyesha kila kilicho ndani. Mnyoo wa mbolea alizitimiza sifa hizo zote. Anatoka kwenye yai hadi utu uzima kwa siku tatu hivi. Mwili wake ni kama kioo. Na akishakua ana seli 959 tu, ukiacha zile za uzazi, ambapo 302 kati yake ni za neva.

Kazi iliyofuata ilihitaji subira ya mvuvi. John Sulston alikaa kwenye hadubini saa nyingi kila siku, kwa zaidi ya mwaka mmoja, akiangalia yai likigawanyika seli mbili, nne, nane, mpaka akaujua ukoo wa kila seli kama wazee wanavyoujua ukoo wa mji wao. Mwaka wa 1983 yeye na wenzake walikamilisha orodha hiyo. Mwenzao John White naye alisimamia kazi ya kumkata mnyoo vipande vyembamba maelfu na kufuata kila uzi wa neva. Matokeo yalitoka mwaka wa 1986 katika taarifa ya kurasa 340, yenye ramani ya viungo vipatavyo 5,000 vya neva na neva. Ulikuwa mchoro wa kwanza wa mfumo mzima wa neva wa mnyama yeyote.

Lililowashangaza zaidi ni kifo. Mnyoo anapokua hutengeneza seli 1,090, kisha 131 kati ya hizo hufa, zilezile kila mara na saa ileile. Wengi wa marehemu hao walikuwa katika njia ya kuwa neva. Kumbe mwili haujengwi kwa kuongeza tu. Hujengwa pia kwa kupunguza, kama fundi anayechonga mlango. Robert Horvitz alizipata jeni zinazotoa amri hiyo ya kufa, na baadaye ikaonekana kwamba binadamu tunazo jeni za aina hiyohiyo. Brenner, Sulston na Horvitz walituzwa Nobel mwaka wa 2002. Brenner alifariki Singapore mwezi wa Aprili 2019 akiwa na umri wa miaka 92.

NA CHANGO JE?

Pengine utauliza haya yanamhusu vipi mtoto wa Laini Saba mwenye tumbo la ngoma. Yanamhusu sana. Kwanza, chango ndiye aliyetangulia kuhesabiwa. Mnamo 1908 Mjerumani Richard Goldschmidt alizihesabu seli za neva katika kichwa cha chango, akapata 162. Chango ni mkubwa kuliko mnyoo wa mbolea mara mia mbili na zaidi kwa urefu, lakini neva zake zote hazifiki hata mia tatu. Ni kama nyumba ya kupanga ya chumba kimoja na jumba la Lavington kutumia ramani moja ya nyaya za umeme.

Pili, ni kwa neva hizo dawa humpata. Wazazi wa makamo wanaikumbuka Ketrax, ambayo dawa iliyomo huitwa levamisoli. Mwaka wa 1980 watafiti walichukua minyoo wa mbolea wasiodhurika na levamisoli wakachunguza wamekosa nini. Ikaonekana kwamba dawa hiyo hubana pale neva inapokutana na msuli. Msuli ukishikwa haulegei tena, mnyoo anakakamaa, anashindwa kujishikilia utumbo, na choo kinamtoa nje. Viungo vya mtoto vya kupokea ujumbe wa neva si sawa na vya mnyoo, ndiyo maana dozi iliyopimwa humwangusha mgeni ikamwacha mwenyeji.

Albendazoli, tembe inayogawiwa shuleni siku hizi, hupita njia nyingine. Huvunja nguzo ndogo zinazoshikilia umbo la seli. Jeni ya mnyoo wa mbolea inayoonyesha siri hiyo ilichunguzwa na Monica Driscoll na wenzake mwaka wa 1989.

Lingejulikana hili zaidi, labda watu wangeacha kumeza dawa za minyoo wakiwa na mashaka. Mtafiti Wenzel Geissler, aliyeishi na wakazi wa Nyanza, aliandika mwaka wa 1998 kwamba wengi waliamini minyoo ni sehemu ya mwili, nayo husaidia kusaga chakula. Imani hiyo imesafiri na watu hadi mijini. Si ya kuchekwa, lakini si ya kufuatwa vilevile.

UMRI MARADUFU

Mnyoo wa mbolea huishi wiki mbili hadi tatu. Mtafiti anaweza kumwona mtoto, kijana, mzee na maiti kabla mwezi haujaandama tena. Mwaka wa 1993 Cynthia Kenyon na wenzake, huko San Francisco, walitangaza kwamba kasoro katika jeni moja, daf-2, ilimfanya mnyoo aishi maradufu. Tena hakuwa kikongwe wa kulala kitandani. Alikuwa akitembea wakati wenzake wamekwisha kufa. Miaka minne baadaye ilifahamika kwamba jeni hiyo ni jamaa ya ile inayopokea insulini katika mwili wa binadamu. Mwaka wa 1995 ilipatikana kwa mnyoo huyohuyo jeni inayofanana na moja ya zile ambazo kwa binadamu zikiharibika huleta ugonjwa wa kusahau uzeeni, Alzheimer.

Kisha Driscoll, yuleyule wa jeni ya albendazoli, na wenzake walitazama ndani ya minyoo wazee mwaka wa 2002. Walikuta misuli imechakaa na kuraruka, lakini neva karibu zote zipo. Mnyoo mzee hakushindwa kutembea kwa kukosa neva. Misuli yake ndiyo iliyomwangusha. Mtu akifikiria babu yake anayekumbuka kila kitu lakini hawezi kupanda kilima cha Makina bila kupumzika, atalielewa jambo hili bila hadubini.

Nawaomba wauzaji wa dawa za kurefusha maisha wasikimbilie haya. Mnyoo si mtu, na hakuna tembe ya daf-2 ya kununuliwa River Road wala kwingineko.

WASIOFIKA SHULE

Sasa turudi nyumbani. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili vya Kibera na kuchapishwa mwaka wa 2014 uliwapima watoto 692. Kati ya kila watoto 100, wapatao 40 walikuwa na minyoo ya udongoni, hasa chango na mnyoo mjeledi. Hapo awali Nairobi ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa sehemu zenye minyoo kidogo. Tena ndani ya vijiji hivyo tofauti ilikuwa kubwa. Sehemu moja ilikuwa na watoto 22 katika kila 100, na nyingine 71. Majirani wanaotenganishwa na mtaro mmoja hawakuwa na hali moja.

Jambo lililonigusa ni umri. Watoto ambao hawajaanza shule walikuwa na minyoo sawasawa na wale wa shule. Dawa za bure nchini kwa miaka mingi zimepelekwa zaidi shuleni, na kwa sababu nzuri. Katika wilaya ya Busia mpango ulioanza mwaka wa 1998 katika shule 75 ulifuatiliwa kwa miaka 20, na taarifa ya 2021 ilisema waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi utotoni walikuwa wakipata kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13. Wapo wataalamu wanaozibishia hesabu hizo. Lakini mtoto wa miaka miwili anayecheza kwenye tope la Silanga au Congo, akitia vidole mdomoni, hayumo katika foleni ya shule.

Naye ndiye ambaye ubongo wake uko katika haraka kubwa. Kufikia miaka mitano ubongo wa mtoto umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Chango hauli ubongo. Huiba chakula kinachoujenga, pamoja na vitamini A. Chango jike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, huishi tumboni mwaka mmoja au miwili, na mayai yake huweza kudumu udongoni miaka kadhaa. Kwa hiyo dawa ya leo haimzuii mtoto kuambukizwa tena mwezi ujao, ikiwa choo ni cha kugombaniwa na watu wa ploti nzima na maji ya kunawa yananunuliwa kwa mtungi. Isitoshe, dozi moja ya albendazoli humtoa chango vizuri lakini mnyoo mjeledi mara nyingi huiponyoka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza albendazoli miligramu 400 mara moja kwa mtoto wa miaka miwili kwenda juu, na nusu yake kwa mwenye mwaka mmoja ambaye hajatimiza miwili. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi. Mama mwenye mtoto asiyeanza shule aulize katika kliniki anakompeleka kwa chanjo na kupimwa uzito. Tembe ya mdogo hupondwa kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na maji safi, kwa sababu mtoto anayeshikwa kwa nguvu na kulazimishwa kuimeza nzima huweza kupaliwa.