Ujifunzaji wa Kielektroniki Kazini: Mfano wa Wauguzi wa Kenya

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Kauli hii huwalemea waajiriwa wengi, kwani kazi hubadilika kila uchao ilhali wao hawawezi kuziacha ajira zao na kurudi chuoni. Ujifunzaji wa kielektroniki, yaani upokeaji wa masomo kupitia tarakilishi, simu au intaneti, hutajwa kuwa suluhisho. Makala haya yanafafanua manufaa na mipaka yake kwa kurejelea wauguzi wa Kenya.

Mwanzoni mwa karne ya 21, wauguzi wengi nchini walikuwa wa ngazi ya cheti, na baadhi yao walifunzwa kabla ya janga la UKIMWI kuibadilisha kazi ya wodini. Waliohitaji kuinuliwa hadi stashahada walikuwa maelfu kwa maelfu, nazo nafasi za vyuoni zilikuwa chache. Isitoshe, zahanati nyingi za mashambani hutegemea muuguzi mmoja au wawili. Akiondoka huyo kwenda kusoma, ni nani atakayempokea mama anayejifungua usiku?

Mnamo mwaka wa 2005, shirika la AMREF, lenye makao makuu jijini Nairobi, lilianzisha mpango wa kuwafunza wauguzi hao kwa njia ya elektroniki, likishirikiana na Wizara ya Afya, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture. Tarakilishi ziliwekwa katika vituo vya masomo sehemu mbalimbali za nchi, naye muuguzi akasoma huku akiendelea na kazi yake.

Manufaa ya utaratibu huu ni bayana. Kwanza, mgonjwa habaki bila mhudumu. Pili, analojifunza muuguzi leo anaweza kulitumia wodini kesho, hivyo nadharia haikai mbali na utendaji. Tatu, asiyeelewa somo hulirudia mara nyingi apendavyo bila kuwachelewesha wenzake. Fauka ya hayo, aliye Lodwar hupata somo lile lile analopata aliye Nairobi, bila kuhitaji bweni.

Hata hivyo, chombo hiki kina mipaka. Asiyewahi kugusa tarakilishi hana budi kuizoea kwanza. Umeme nao hukatika. Aidha, kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kupitishwa chini ya bahari hadi Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe. Zaidi ya yote, kiwambo hakifunzi mkono. Kuzalisha, kudunga sindano na kufunga kidonda hujifunzwa mbele ya mgonjwa, chini ya jicho la mkufunzi.

Lipo pia suala la muda, ambalo mara nyingi husahauliwa. Kwa kuwa mwanafunzi haondoki kazini, ni rahisi mwajiri kudhani kwamba masomo yake hayana gharama. Matokeo yake ni muuguzi kumaliza zamu, kulea watoto, kisha kufungua somo usiku wa manane akisinzia. Elimu ipatikanayo hivyo huchosha kuliko inavyojenga.

Ni dhahiri basi kwamba manufaa ya ujifunzaji huu hayategemei mashine pekee. Mwajiri anayenunua tarakilishi asipotenga saa za masomo ndani ya ratiba ya kazi, atakuwa amenunua jembe na kumnyima mkulima shamba.