Fahamu: Matungu inaweza kujifunza nini kutoka Uganda?

Mwaka 2019, eneo la Matungu, Kaunti ya Kakamega, lilitikiswa na mauaji ya usiku yaliyohusishwa na genge la 42 Brothers. Serikali ilipeleka polisi zaidi, na ilikuwa sahihi, kwa kuwa mwananchi hawezi kulala akisubiri panga mlangoni. Lakini doria hukomesha shambulio la leo tu. Haimpi kijana sababu ya kutorudi gengeni kesho, hasa pale ambapo kudorora kwa kiwanda cha sukari cha Mumias kumewanyima wakulima wa miwa na vijana kipato. Matungu haikupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kama kaskazini mwa Uganda, ila swali lake ni lilelile: aliyeacha silaha ataishi vipi?

Uganda ilijibu kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Muasi aliyeukana uasi na kusalimisha silaha alipewa cheti, pamoja na godoro, jembe, mbegu na fedha kidogo za kuanzia. Zaidi ya watu 26,000 walinufaika. Wapo watakaosema huko ni kumzawadia mhalifu huku mjane akisahauliwa. Hoja hiyo ni nzito, na kaskazini mwa Uganda waathiriwa wengi walilalamika hivyo. Kwa hiyo, Matungu, aliyeua ashtakiwe, familia zilipwe fidia, na vijana walioingizwa gengeni bila kumwaga damu wafundishwe kazi chini ya uangalizi wa wazee na chifu. Usalama wa kudumu unahitaji yote matatu.