Hijabu, Dola na Uhuru wa Dini

Katika majadiliano ya makada na wanafunzi swali hili huulizwa mara kwa mara: Je, dola isiyo na dini ina haki ya kumkataza mwanamke wa Kiislamu kuvaa hijabu? Swali hili si dogo. Ndani yake yamo masuala ya mipaka ya madaraka ya dola, haki ya raia na elimu ya mtoto wa kike. Makala hii italieleza kwa kuangalia nchi tatu: Ufaransa, Uturuki na Iran.

Maana ya dola isiyo na dini

Lazima kwanza tuelewane juu ya maana. Dola isiyo na dini si dola inayopiga vita dini. Ni dola isiyokuwa na imani rasmi, na ambayo haimpi raia cheo wala kumnyima haki kwa sababu ya ibada yake. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Desemba, 1905, ilitamka mambo mawili. Kwanza, Jamhuri inahakikisha uhuru wa dhamiri na wa ibada. Pili, Jamhuri haiitambui dini yoyote wala kuilipia gharama zake. Ukitazama kwa makini utaona kuwa sharti la kutofungamana na dini liliwekwa juu ya dola, si juu ya raia.

Ufaransa: sharti lahamishwa

Mwaka 1989 wasichana watatu walizuiwa kuingia darasani huko Creil kwa sababu ya hijabu. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, lilitoa maoni mwezi Novemba mwaka huo kwamba hijabu peke yake haipingani na misingi ya shule ya umma, maadamu mwanafunzi hawashurutishi wenzake wala havurugi masomo. Lakini sheria ya tarehe 15 Machi, 2004, ilipiga marufuku alama zote za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma za msingi na sekondari. Mwaka 2023 marufuku hiyo ikafikishwa kwenye abaya.

Watetezi wa sheria hii wana hoja inayostahili kupimwa. Wanasema wapo wasichana wanaolazimishwa na jamaa zao, na kwamba shule iwe mahali ambapo watoto wote ni sawa. Ni kweli kulazimishwa kupo. Lakini msichana anayelazimishwa nyumbani, akifukuzwa na shule, anabaki na nani? Anarudishwa mikononi mwa wale wale wanaomlazimisha, na kukosa elimu ambayo ingemkomboa.

Tena historia haisahauliki. Mwezi Mei, 1958, katika mji wa Algiers, wanawake wa Algeria walivuliwa shungi hadharani katika sherehe zilizotumiwa kuutangazia ulimwengu kwamba ukoloni unawakomboa. Wakati huo huo jeshi la Ufaransa lilikuwa vitani kuwanyima Waalgeria uhuru wa nchi yao.

Uturuki na Iran: pande mbili za shilingi moja

Uturuki iliiga mfano wa Ufaransa, na baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 1980 hijabu ilipigwa vita katika vyuo vikuu. Mwaka 1999 Merve Kavakçı, mbunge aliyechaguliwa na wananchi, alizomewa Bungeni na kuondoka bila kuapishwa. Leyla Şahin, mwanafunzi wa udaktari, alizuiwa kufanya mitihani. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba haki yake haikuvunjwa. Marufuku yalianza kulegezwa vyuoni mwaka 2010, na mwaka 2013 yaliondolewa kwa watumishi wengi wa umma.

Huko Iran, mwaka 1936, Reza Shah aliwaamuru polisi wawavue wanawake shungi. Baada ya mapinduzi ya 1979 amri ikageuzwa: wanawake waliandamana Tehran mwezi Machi mwaka huo kupinga kulazimishwa kuivaa, lakini mwaka 1983 sheria ikaweka adhabu ya viboko kwa asiyejifunika. Mwezi Septemba, 2022, Mahsa Amini alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, na nchi nzima ikalipuka kwa maandamano. Amri mbili hizi zinaonekana kupingana, lakini msingi wake ni mmoja: kwamba kichwa cha mwanamke ni mali ya dola.

Hitimisho

Kada anayetaka kulipima suala hili asiulize tu kama hijabu inafaa au haifai. Aulize: Nani anaamua? Je, anayekataa kuivaa analindwa sawasawa na anayeivaa? Je, amri hii inamwingiza msichana darasani au inamtoa? Dola inaweza kumtaka mtu aonyeshe uso ili atambuliwe, au avae mavazi ya usalama mbele ya mashine, maana hapo ipo sababu inayowahusu wote. Zaidi ya hapo, wajibu wake ni kumlinda mwanamke asishurutishwe na mtu yeyote, na dola yenyewe ikiwamo.